Mhadhara wa baiolojia umwachie kila mwanafunzi nafasi ya kufikiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa baiolojia katika vyuo vikuu vyetu. Kila matokeo ya muhula wa kwanza yanapobandikwa, lawama huwa zilezile: vijana wameingia na msingi dhaifu, hawasomi, wanategemea madesa, yaani vitini vya kunakiliana. Huku Kigoma lawama hizo zinatugusa kwa karibu, maana kijana aliyetoka shule ya kata ya Kakonko au Buhigwe, aliyesoma sayansi bila maabara yenye vifaa, ndiye wa kwanza kuambiwa hana msingi. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya anguko hilo inatokana na namna somo linavyofundishwa. Namna hiyo mhadhiri mmoja anaweza kuibadilisha katika ukumbi uleule, bila kushusha kiwango na bila kusubiri jengo jipya.

Ushahidi upo, tena mwingi. Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, pamoja na wenzake, walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakachapisha majumuisho yake mwaka 2014. Katika madarasa ya mhadhara mtupu, wastani wa walioanguka ulikuwa asilimia 33.8. Katika madarasa ambayo wanafunzi walipewa kazi ya kufikiri na kujadiliana ndani ya kipindi, ulikuwa asilimia 21.8. Mwaka 2020 Elli Theobald na wenzake wakaangalia swali la haki: je, faida hiyo humfikia nani zaidi? Walikuta kuwa pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao lilipungua kwa asilimia 33, na pengo la kufaulu kwa asilimia 45. Tena walikuta jambo ambalo wengi hulipita haraka: pengo lilipungua pale tu ambapo sehemu kubwa ya kipindi ilitumika kwa kazi za wanafunzi. Kuchomeka swali moja mwishoni mwa saa nzima ya kuongea hakukutosha.

Utafiti wa Theobald ulihusu madarasa ya Marekani, lakini sababu ya matokeo yale inaeleweka hata hapa. Mtoto wa huku hujifunza Kiha nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari na chuo anakutana na Kiingereza. Mhadhara wa dakika 50 kuhusu upumuaji wa seli unaweza kubeba istilahi mpya zaidi ya thelathini. Aliyesoma shule nzuri anazitambua nusu yake, anapata nafasi ya kufuata hoja. Asiyezijua anashughulika na kunakili tahajia, hoja inampita. Wote wawili wamekaa ukumbi mmoja na wamelipa ada ileile, ila mmoja tu ndiye aliyefundishwa.

Nionyeshe kipindi kimoja kinavyoweza kuendeshwa, nikitumia mfano uliomo katika ziwa letu. Katika Ziwa Tanganyika yumo samaki wa jamii ya ngege na perege, jina lake la kisayansi Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Humvizia mwenzake kwa nyuma na kumnyofoa magamba ubavuni. Baadhi yao wana mdomo uliopinda kulia, hao hushambulia ubavu wa kushoto. Wengine umepinda kushoto, hushambulia ubavu wa kulia. Mtafiti Mjapani Michio Hori alichapisha mwaka 1993 matokeo yaliyoonyesha kuwa idadi ya makundi hayo mawili hupanda na kushuka, lakini haiendi mbali na nusu kwa nusu.

Mhadhiri asianze kwa kueleza jibu. Aeleze habari ya samaki kwa dakika tano, achore vichwa viwili ubaoni, kisha aulize: ikiwa mwaka huu wenye mdomo wa kulia wamekuwa wengi kuliko wa kushoto, vizazi vichache baadaye tutegemee nini? A, wa kulia watazidi kuongezeka mpaka wa kushoto waishe. B, wa kulia watapungua. C, hakutakuwa na badiliko. D, midomo yote itanyooka. Majibu A na D yamewekwa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo makosa ambayo wanafunzi huja nayo: kwamba walio wengi ndio bora, na kwamba kiumbe hubadilika kwa kuwa anahitaji kubadilika.

Sasa dakika mbili za kimya. Kila mmoja aandike herufi yake na sababu kwa sentensi moja. Dakika hizo mbili ndizo zinazorukwa mara nyingi, na zikirukwa kazi yote inaharibika: mwenye kasi ataongea, wengine watamsikiliza na kukubali. Baada ya hapo kila mtu ainue kadi. Kadi yenyewe ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili ipate vyumba vinne, kila chumba kina herufi moja kubwa iliyokolezwa kwa kalamu nene. Ishikwe kifuani, isiinuliwe juu ya kichwa, ili jirani asinakili. Zisitumike rangi peke yake, kwa sababu katika ukumbi mkubwa hakosi kuwepo kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Mhadhiri akadirie kwa macho. Waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, majadiliano hayatasaidia, arudi kueleza. Wakizidi asilimia 70, athibitishe jibu na aendelee. Wakiwa katikati, hapo ndipo penye utajiri: asitaje jibu, awaambie kila mmoja amtafute jirani mwenye herufi tofauti na yake na amshawishi kwa dakika tatu au nne. Kisha wapige kura tena. Utaratibu huu ulienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, kuanzia miaka ya 1990, nao unafaa baiolojia vilevile.

Jibu ni B. Samaki wanaowindwa hujihadhari na upande wanaoshambuliwa mara nyingi. Wenye mdomo wa kulia wakiwa wengi, windo hulinda ubavu wa kushoto, na wale wachache wa mdomo wa kushoto hupata chakula kwa urahisi, hukua, huzaa zaidi. Kundi lao likishaongezeka, mambo hugeuka. Kuwa wachache ndiyo faida yenyewe. Hapo darasa limeshika uteuzi asilia unaotegemea wingi wa kundi, na limeushika kwa kuubishia.

Lakini kipindi kisiishie hapo. Swali la pili liwe la kupeleka wazo mahali pengine: jeni ya selimundu imedumu katika maeneo yenye malaria, je, utaratibu ni uleule wa samaki mla magamba? Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa pande zote mbili aina mbili zinadumu pamoja. Waambiwe watazame tena faida iko wapi. Kwa samaki, faida hutokana na uchache wa kundi lako. Kwa selimundu, faida iko kwa mtu aliyebeba nakala moja ya kila aina: analindwa dhidi ya malaria kali na hapati ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili kwa maneno yake ameelewa. Anayeweza tu kutaja tafsiri ya uteuzi asilia hatujui bado kama ameelewa.

Kuhusu lugha ya majadiliano, nasema wazi: waachwe wajadiliane kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, na jibu la mwisho waliandike kwa Kiingereza. Lakini hoja ya kubishana na jirani huja haraka zaidi kwa lugha ambayo mtu hahangaiki nayo, na akishaijenga ni rahisi kuivusha. Mhadhiri aandike pembeni mwa ubao istilahi tano au sita za siku hiyo kwa lugha zote mbili na aziache hapo mpaka mwisho. Wapo wanaoona jambo hili linashusha hadhi ya chuo. Mimi sioni hadhi yoyote katika ukumbi wa watu mia mbili ambamo wanne ndio wanaojibu.

Na hao wanne hujulikana: wanakaa mbele, wengi wao wavulana, wengi wao walisoma shule zenye majina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu madarasa ya mwanzo ya baiolojia huko Marekani ulikuta kuwa wanawake walikuwa karibu asilimia 60 ya darasa, lakini sauti zao zilikuwa chini ya asilimia 40 ya zile zilizosikika zikijibu maswali ya mhadhiri. Swali la "nani anajua?" huzaa matokeo hayo kila siku. Dawa yake ni kuita majina kutoka orodha ya mahudhurio bila mpangilio maalumu, lakini kwa masharti. Kwanza, mtu aitwe baada ya kupewa muda wa kuandika na kuongea na jirani, asishtukizwe. Pili, aulizwe mlichojadili ni nini, si jibu ni nini. Hapo hata asiye na uhakika ana la kusema, na akikosea halimwangukii peke yake. Tatu, aruhusiwe kusema "napita" bila maelezo, jina lake lirudi kwenye orodha kwa siku nyingine. Bila masharti hayo, kuita majina hugeuka kuwa adhabu, na wenye woga huacha kuhudhuria.

Kuna jambo dogo lenye nguvu kubwa: kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya Marekani tangu miaka ya 1960 na 1970, aligundua kuwa mwalimu akishauliza husubiri wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kujijibu au kumwita mwingine. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, wanafunzi wengi zaidi wakajitolea, na waliodhaniwa dhaifu wakaanza kusikika. Sekunde tatu za kimya mbele ya ukumbi ni ndefu kuliko zinavyosemwa. Mhadhiri ahesabu kimoyomoyo mpaka tano, asirudie swali wala kuliongezea maneno, maana kila akiliongezea anawaanzishia upya waliokuwa wanafikiri.

Je, silabasi itaisha? Pingamizi hili ni la haki na ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Jibu ni kwamba kipindi hakiwezi kubeba kila kitu. Majina na maelezo ya msingi yahamie kwenye usomaji wa kabla. Siyo kwa kusema "kasomeni sura ya saba." Mwanafunzi asiye na uzoefu akiambiwa asome sura ya kurasa 30 hajui kipi ni mzizi na kipi ni jani. Apewe mwongozo wa ukurasa mmoja: kurasa zipi, maswali matano, na mchoro mmoja wa kuuchora upya kwa mkono na kuuandikia majina. Mwanzoni mwa kipindi liwepo jaribio la maswali matano kutoka humohumo, dakika tano, alama moja kila swali. Majaribio hayo yawe mengi na yenye uzito mdogo kila moja. Muhula wote ukitegemea majaribio mawili makubwa na mtihani wa mwisho, kijana aliyepotea wiki ya tatu atagundua wiki ya nane, na hapo anachongojea ni sapu, yaani mtihani wa marudio, au kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Vitini viwe vyepesi. Faili la megabaiti 40 lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp halimfikii mwenye bando la siku. Picha zipunguzwe, maandishi yawe maandishi na siyo picha ya ukurasa, na nakala moja iachwe kwa mwenye steshenari jirani na chuo. Maandishi halisi yana faida nyingine: simu ya mwanafunzi asiyeona inaweza kuyasoma kwa sauti, lakini picha ya ukurasa kwake ni ukurasa mtupu.

Hapo nafika kwa wanafunzi wenye ulemavu, ambao mara nyingi hukumbukwa siku ya mtihani tu. Miosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti (seli za uzazi), hufundishwa kwa slaidi zenye michoro ya rangi, na huyo asiyeona huambiwa atasomewa baadaye. Lakini mada hii hufundishika vizuri zaidi kwa nyuzi, na kwa darasa zima. Kila kikundi cha watu wanne kipewe vipande vinane vya uzi mnene: vinne vya sentimita 20 na vinne vya sentimita 10. Nyuzi hizo zinawakilisha kromosomu, vibeba jeni vya seli. Katika kila urefu, viwili viwe laini, ndivyo vilivyotoka kwa mama. Viwili vipigwe mafundo matatu matatu, ndivyo vilivyotoka kwa baba. Kila mkono unaweza kuvitofautisha bila macho. Ziongezwe klipu nne za karatasi na kamba ndefu ya kufanya duara la seli mezani.

Waanze na vipande vinne ndani ya duara, yaani kromosomu nne: ndefu laini, ndefu ya mafundo, fupi laini, fupi ya mafundo. Kisha DNA inakiliwe: kila kipande kiunganishwe na pacha wake kwa klipu. Hapa kosa litajitokeza lenyewe, na ni kosa ambalo mchoro haulifichui. Vikundi kadhaa vitaunganisha uzi laini na wa mafundo, kwa kudhani kromatidi mbili za kromosomu moja, yaani nakala zake pacha, ni moja ya mama na moja ya baba. Msaidizi asiwasahihishe papo hapo, awaulize tu: nakala ya uzi laini itapataje mafundo? Swali la pili ni la kuhesabu: sasa mna kromosomu ngapi? Wengi watasema nane. Ni nne bado, kwa sababu tunahesabu klipu, siyo nyuzi. Baada ya hapo wakate ncha za sentimita 5 kwenye nyuzi mbili ndefu, moja laini na moja ya mafundo, wabadilishane na kuzifunga, waone ubadilishanaji wa vipande vya kromosomu kwa mikono yao. Watenganishe jozi, kisha watenganishe klipu. Mwisho waulizwe: bila ule ubadilishanaji, kromosomu jozi mbili zinatoa aina ngapi za gameti? Nne. Kazi hii huchukua dakika 40 na gharama yake ni mabunda machache ya uzi. Yule asiyeona anaifanya sawasawa na wenzake, tena mara nyingi ndiye anayegundua kosa la kikundi, kwa kuwa vidole vyake vimezoea kupambanua.

Kwa mwanafunzi kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama apewe istilahi na mchoro wa siku hiyo angalau siku moja kabla, kwa sababu maneno mengi ya baiolojia hayana alama iliyozoeleka na wawili hao wanapaswa kukubaliana mapema. Mhadhiri asiongee huku ameupa ubao uso. Na asieleze wakati wa kuonyesha: macho hayawezi kumtazama mkalimani na seli kwa wakati mmoja. Aonyeshe, anyamaze, kisha aeleze.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na mwanga mkali huwaumiza. Kiti cha mbele kisichoelekea dirisha, karatasi yenye maandishi ya ukubwa wa pointi 18 au zaidi, ruhusa ya kupiga picha ubao, na muda wa ziada kwenye mtihani: haya yote hayagharimu chochote cha kutajwa. Kwenye safari za mafunzo, kama ni kandokando ya ziwa au kwenye miombo ya upande wa Uvinza na Tabora, kazi ya juani imalizike kabla ya saa nne asubuhi, na kofia pana na mikono mirefu viwe sehemu ya vifaa vya wote, asionekane mmoja tu. Na kwenye hadubini, simu ikishikizwa juu ya lenzi ya macho hutoa picha ambayo mwenye uoni hafifu anaweza kuikuza atakavyo.

Nimetaja hadubini, basi niseme na hili. Hadubini moja kwa wanafunzi wanane maana yake mmoja anatumia, wawili wanachungulia, watano wananakili mchoro. Majukumu yaandikwe na yazunguke kila dakika kumi: anayeendesha, anayesoma maelekezo, anayechora, anayepinga. Huyo wa mwisho kazi yake ni kuuliza, "Mnajuaje kuwa hiyo ni seli?" Katika utando wa kitunguu wenye iodini, kosa kubwa ni kuchora viputo vya hewa; kiputo kina ukingo mweusi mnene na hakina kiini. Kosa la pili ni kuanza na lenzi ya ukuzaji mkubwa, na la tatu ni mwanga mwingi kupita kiasi unaofifisha kuta za seli. Msaidizi akiyajua hayo matatu atawasaidia vikundi kumi kwa muda aliokuwa akimsaidia mmoja.

Upasuaji wa wanyama nao unahitaji busara. Fomalini, kemikali ya kuhifadhia vielelezo, ni hatari hasa kwa mjamzito, na wajawazito wamo madarasani mwetu, hata ambao hawajasema. Kwa nini tutumie vielelezo vya chupani wakati samaki wabichi wanapatikana mwalo wa Kibirizi kila asubuhi ya uvuvi? Dagaa na mgebuka wakiwekwa pamoja kwenye barafu wanatosha somo zima la matamvua: vichujio vya dagaa ni vingi na vyembamba, vya kuchuja viumbe wadogo majini; vya mgebuka mkubwa, mla samaki, ni vichache na vifupi. Hakuna mwanafunzi ambaye dini yake itamweka pembeni, tofauti na pale anapoletewa nguruwe.

Jenetiki ndiyo mada inayoumiza watu kimyakimya. Mazoezi ya kumwambia mwanafunzi alete makundi ya damu ya wazazi wake yakomeshwe. Wazazi wote wawili wakiwa kundi O, kwa kawaida hawazai mtoto wa kundi A, na darasa si mahali pa mtu kugundua siri ya nyumbani kwao. Zitumike familia za kubuni. Selimundu nayo ifundishwe kwa kukumbuka kuwa kati ya wanaosikiliza wamo wanaoumwa na wamo wanaobeba nakala moja bila kujua. Kwa hiyo hakuna kusema "watu hawa hufa mapema," na hakuna kupima damu hadharani. Ualbino usifundishwe kamwe kwa kumwelekezea kidole mwenzao aliyekaa mbele. Ufundishwe kwa hesabu yake halisi: wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo kila mmoja nakala moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Katika mikoa hii ambako mama hulaumiwa na hata kuachwa, kila mhitimu wa baiolojia anapaswa kuweza kueleza kijijini kwao kwamba jeni hiyo imetoka kwa baba na mama pia.

Mageuko ya viumbe yasigeuzwe ugomvi wa imani. Ujiji ina misikiti ya siku nyingi na makanisa, na wanafunzi wanakuja na dini zao. Waambiwe siku ya kwanza kwamba wanachopimwa ni uwezo wa kueleza ushahidi na kuutumia, hawatakiwi kukiri chochote. Ukiwaanzishia na samaki wa ziwa wanaloliona kila siku, badala ya asili ya binadamu, wengi hufika mbali kabla ya kujikaza.

Yote haya yataharibika kama mtihani utabaki wa kukariri. Darasa likijadili mwezi mzima halafu karatasi ikauliza "Taja hatua za mitosisi," wanafunzi watarudi kwenye madesa wiki inayofuata, na watakuwa na haki. Iulizwe hivi: seli imewekewa dawa inayozuia nyuzi za kuvuta kromosomu zisijengeke, mgawanyiko utakwama hatua gani, na ungeona nini kwenye hadubini? Na maswali ya aina hiyo wayazoee darasani kabla ya kuyakuta mtihanini. Kumpima mtu kwa kazi ambayo hajawahi kuifanyia mazoezi kunawabeba tu waliokwisha kuifanya kwingine.

Mhadhiri atakayejaribu ajiandae pia kwa malalamiko. Utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019 katika madarasa ya fizikia ulionyesha kuwa wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Juhudi ya kufikiri huhisiwa kama kutoelewa. Waelezwe hivyo wiki ya kwanza, na waonyeshwe matokeo yao baada ya jaribio la kwanza.

Kwa idara za baiolojia, ombi langu ni dogo. Wasaidizi wa wahadhiri, ambao ndio wanaokaa na vikundi maabara na kwenye semina, watengewe saa mbili kila wiki kwenye ratiba rasmi wafanye wenyewe zoezi la wiki inayofuata, wafunge nyuzi kwa mikono yao na wakubaliane maswali ya kuuliza kikundi kikikwama. Saa hizo zihesabiwe kwenye mzigo wao wa kazi. Na anayefundisha darasa kubwa peke yake aanze na swali moja la kadi kila baada ya dakika 15 katika mada moja tu muhula huu, aliweke daftarini swali lililogawa darasa vizuri, na muhula ujao aongeze mada ya pili.

Mwalimu wa baiolojia,
Ujiji, Kigoma.